"Namba Moja" kwa Nani? Ushindani wa Chaneli za Watoto

Mzazi anayelipia kisimbuzi husikia chaneli ya watoto ikijitangaza kuwa "namba moja". Kabla ya kulipokea dai hilo, yafaa ajue namba hiyo hupatikanaje.

Tuitazame Marekani, ambako zilianzia Nickelodeon (1979), Disney Channel (1983) na Cartoon Network (1992), ambazo baadaye zilifika hata kwetu. Huko kampuni ya Nielsen huchagua kaya chache kuwakilisha taifa zima na kuziwekea kifaa cha kupimia utazamaji. Tangu 1987, kila mwanakaya, hata mtoto, amekuwa akitakiwa kubonyeza kitufe chake anapoketi kutazama. Anayefahamu watoto ataona mara moja udhaifu wa utaratibu huo. Kinachohesabiwa ni nani yuko mbele ya runinga. Kama amejifunza au ameogopa, kifaa hakina habari.

Kisha watazamaji hugawanywa kwa umri na kwa saa. Chaneli moja yaweza kuongoza kwa wenye miaka 2 hadi 11 kutwa nzima, nyingine ikaongoza kwa wenye miaka 9 hadi 14 jioni tu. Zote mbili zitadai ushindi, na hakuna itakayokuwa imesema uongo.

Namba hizo ndizo msingi wa bei ya tangazo, na hapo ndipo mtoto anapogeuka bidhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliweka mpaka: katika vipindi vya watoto, matangazo yasizidi dakika 10.5 kwa saa mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine. Zaidi ya hayo, mhusika wa kipindi akionekana katika tangazo linalorushwa ndani ya kipindi hichohicho, kipindi chote huhesabiwa kuwa tangazo. Mwaka 2004 Viacom, mmiliki wa Nickelodeon, ilikubali kulipa dola milioni 1 kwa kuvuka mipaka hiyo. Disney ililipa dola 500,000 kwa ajili ya chaneli yake ya ABC Family.

Kabla ya kulipia tena kifurushi, keti na mtoto saa moja, saa ya ukutani ikiwa mbele yako. Andika dakika za matangazo. Angalia kama mwanasesere anayeuzwa ana sura ya shujaa wa kipindi. Kipindi kikiisha, mwulize mtoto amekumbuka nini: kisa, au jina la bidhaa?