Mtumba wa Baharini Uani Kwako

Leo barua za wakwe na wachumba zitatusubiri kidogo. Mwenzenu mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni amenunua jetski mbovu, moja ya vyombo chakavu vilivyokuwa vikiondolewa kwenye hoteli fulani ya pwani. Ilipanda Moshi kwa fuso pamoja na mabelo, na sasa imelala uani chini ya migomba, watoto wa jirani wanaikalia kila jioni. Mume anasema pesa imeliwa. Fundi wa pikipiki wa pale barabarani anasema apewe hela ya vipuri tu, wiki mbili itanguruma. Mwenyewe anataka ipone kabla ya Desemba, ukoo utakapopanda kutoka Dar na Arusha kuja kula Krismasi, wamwone kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu akipasua maji. Ananiuliza: dada, niendelee au niipeleke skrepa?

Endelea, mdogo wangu. Ila hiyo Desemba iondoe kichwani, na hela ya fundi irudishe kwenye pochi mpaka tumalize kuongea.

Wewe belo unalijua. Unalinunua limefungwa, unasoma maandishi ya nje, unalipima kwa macho, halafu unamwomba Mungu. Jetski ya mtumba ndiyo hivyo hivyo: ganda linang'aa, kiti kimeshonwa vizuri, kumbe ndani maji ya chumvi yamelala tangu mwaka juzi. Nafuu yako ni kwamba hili unaweza kulichungulia kwa gharama ndogo sana kabla hujaongeza shilingi. Wengi hawachungulii. Wanaanza na rangi na stika, wanapiga picha, halafu injini inafunguliwa mwisho wakati pesa imekwisha.

Kwa hiyo anza na injini, na usiiwashe. Toa betri. Toa plagi zote, kisha zungusha injini kwa mkono kupitia shafti inayokwenda kwenye pampu ya nyuma. Ikizunguka, shukuru. Ikigoma, asije mtu na nondo wala bomba refu la kuongezea nguvu. Mimina oili nyepesi kwenye matundu ya plagi, iache ilale siku kadhaa, ujaribu tena taratibu. Maji yakitoka kwenye matundu hayo usipige kelele. Maji yaliyoingia jana yanatibika: yamwage, mimina oili, zungusha, rudia. Maji ya chumvi yaliyokaa miezi ndiyo yanayoua, maana yanakula beringi za krenki, na krenki ya jetski huipati Moshi mjini kwa bei ya krenki ya pikipiki.

Ikishazunguka vizuri, rudisha betri iliyochajiwa na tafuta geji ya kupimia kompresheni. Mafundi wengi wa pikipiki wanayo au wanamjua mwenye nayo. Vichwa vya waya za plagi vigusishwe kwenye chuma cha injini ili cheche isirukie mvuke wa petroli, akseleta ifunguliwe yote, starta ipigwe mpaka mshale wa geji usimame. Injini nyingi za zamani za mipigo miwili, zile za petroli iliyochanganywa na oili, zikiwa nzima husoma kati ya 120 na 150 kwa kipimo cha psi. Hapo lakini pana kitu ambacho fundi wa Tanga hatakuambia, kwa sababu hakimhusu. Moshi tuko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ingesoma ufukweni. Kwa hiyo ukiona 115 pande zote mbili usilie. La kuogopa ni silinda kupishana sana, moja 115 na nyingine 70. Hiyo injini inataka kufunguliwa, pistoni na ringi, pengine na kuchongwa silinda, na sasa unakaa chini kupiga hesabu kama mfanyabiashara.

(Kama yako ina kijiti cha kupimia oili kama gari, basi ni ya mipigo minne. Namba hizo zisahau, uniandikie tena.)

Sasa tumzungumzie fundi wako. Simdharau. Mtu aliyeleta jetski ya kusimama duniani, Clayton Jacobson wa Marekani, alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano aliyechoka kuanguka kwenye kokoto, akawaza kwa nini asianguke majini. Kawasaki walianza kuuza ya kwanza mwaka 1973, injini ya silinda mbili, cc 400. Ni pikipiki kwa kiasi kikubwa. Lakini kabureta yake inampoteza fundi wa pikipiki. Atatafuta bakuli na boya la ndani asivione, kwa sababu havipo: chombo kinachopinduka majini hakiwezi kutegemea boya. Jetski nyingi za mipigo miwili zina kabureta ya kiwambo, kijiraba chembamba kinachovuta na kuachia petroli, na kikikauka injini inakohoa na kuzima. Nani huku mlimani anakijua kiwambo hicho kama kiganja chake? Fundi wa chenso. Wale wanaotengeneza misumeno ya kupasulia mbao wanaishi na kabureta za aina hiyo, na injini zao ni za mipigo miwili vilevile. Muulize pia mzee yeyote aliyewahi kuwa bwana shamba akiendesha Yamaha AG100 yenye moshi wa bluu. Atakuambia mtu wa kumwona. Na kama una mdogo wako wa kiume au wa kike aliyesoma ufundi VETA pale Moshi, mkalishe pembeni ya fundi, aandike kila kinachofunguliwa na kupiga picha kila waya kabla haujachomolewa.

Mkikubaliana na fundi, msikubaliane bei ya "kuiponya". Lipa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni geji, basi. Ya pili ni mfumo wa petroli: petroli yote ya zamani imwagwe, tanki lioshwe, mipira yote ya petroli itupwe na kuwekwa mipya, kabureta ioshwe na viwambo vibadilishwe. Hapo usibane matumizi. Mpira wa zamani unaoza ndani huku nje ukionekana mzima, takataka zake zinaziba tundu dogo la kabureta, silinda moja inakosa petroli, na kwa injini hizi petroli ndiyo inayobeba oili. Silinda inayokosa petroli inakosa na mafuta ya kulainisha, inaungua huku wewe unashangilia mlio. Uwiano wa oili usome kwenye kitabu cha chombo chenyewe. Nyingi za zamani zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, na iwe oili ya mipigo miwili, siyo ile iliyobaki kwenye dumu la Noah ya shemeji.

Siku ya kuiwasha uani sasa. Hapa nitakuwa mkali.

Jetski inapozwa na maji inayoyavuta yenyewe ikiwa ziwani. Uani haina maji. Bila mpira wa bomba, iache ingurume sekunde chache tu, uzime. Ukitaka zaidi, unganisha bomba kwenye tundu lake la kusafishia, na utaratibu uufuate kama sala: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji. Ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yanajaa kwenye ekzosi na kurudi mpaka ndani ya silinda. Nimeona chombo kilichopimwa vizuri asubuhi kikifa jioni kwa sababu kijana alikimbilia koki kwanza. Na maji ya Moshi yana presha, msifungue koki yote.

Lingine ni jiko. Mama zangu wa Kiboriloni, najua pale nyuma mnapikia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya ganda kama maji usiyoyaona. Kabla ya kugusa swichi, kiti kiondolewe, ganda lipate hewa muda wa kutosha, mtu ainame anuse. Jiko la mkaa, sigara na yule anayechomelea geti la jirani viwe mbali. Betri ichajiwe nje ya chombo. Na watoto wasikalie tena, hata ikiwa imezimwa.

Ganda lenyewe silitilii chumvi. Ligonge kwa kifundo cha kidole, usikilize sauti inapobadilika. Penye ufa pasagwe, pakauke kabisa, paje faiba na gundi yake, mpakaji akiwa amevaa barakoa. Uliza kwanza ganda ni la aina gani, maana baadhi ya Kawasaki na Yamaha zimetengenezwa kwa faiba iliyokandamizwa ambayo gundi ya kawaida haishiki vizuri, inataka epoksi. Chagua majira pia. Juni na Julai mawingu yanafunika mlima na baridi inashuka mpaka Kiboriloni, gundi inachelewa kukauka. Januari na Februari utafanya kazi hiyo kwa raha. Ndiyo maana nimekuambia Desemba iondoe.

Haya, imepona. Inakwenda wapi?

Hili ndilo ulilonificha kwenye barua, au hukulifikiria. Ziwa Chala ni zuri, lakini liko ndani ya shimo la volkano lenye kuta za kushuka kwa mikono, na wewe una chombo cha kubebwa na wanaume wanne au zaidi. Tena lina mpaka wa Kenya katikati, na mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Ziwa Jipe limemezwa na matete kandokando, na nusu yake pia ni ya Kenya. Inabaki Nyumba ya Mungu, karibu kilomita 50 kusini mwako, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme wa megawati 8 na mashamba. Maji yapo mengi. Lakini na nyavu zipo, wadogo zangu. Watu wanalisha watoto kwa perege wa pale. Uvuvi pale umewahi hata kufungwa ili samaki wazaane. Jetski inanyonya maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na wavu ukinyonywa umepoteza wewe na umepoteza mwenye wavu. Atakayeingiza mkono kuutoa azime injini na achomoe kamba ya usalama kwanza, la sivyo vidole vitabaki humo. Kiangazi maji yanashuka, visiki vinakaribia juu. Na mamba wapo.

Shangazi zako wakitoka Dar na kukuona umelala juu ya mawimbi watashangilia siku moja. Biashara ya kupandisha watalii pale siijui, na sioni ikija.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: itengeneze uiuze, irudi pwani, Tanga au Pangani au Dar, kilomita zaidi ya 300 kutoka kwako lakini ndiko kwenye wanunuzi. Wewe ni mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, hiyo ndiyo kazi yako. Hiki ni kitu kikubwa zaidi tu. Hesabu ya geji ikikataa, uza vipande: pampu, impela isiyopigwa na mawe, boksi la umeme, kiti, hata usukani. Mara nyingi vipande vinalipa kuliko skrepa.

Karatasi zishughulikie leo, kabla ya plagi. Risiti ya hoteli yenye namba iliyochongwa kwenye ganda, na uthibitisho wa ushuru wa TRA ilipoingia nchini. Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na mnunuzi mwenye akili atakuuliza. Hoteli ikisema karatasi zimepotea, mdogo wangu, waombe waandike barua wakiwa bado wanakukumbuka, kwa sababu mwakani meneja atakuwa mwingine.

Mume mwonyeshe hesabu kwenye daftari, siyo mlio. Hatua kwa hatua, ulichotoa na ulichobakiza, na mahali ulipoandika kwamba ukifika kiasi hiki unaacha. Mwambie asaini pembeni kama shahidi. Akicheka, mwache acheke, lakini asaini.

Mnunuzi akipatikana, mrekodie video ya bomba, ya kuwasha na kuzima, na ya geji ikisoma kila silinda. Mwambie kabisa kwamba mmepima Moshi, ili asione namba ndogo akakimbia. Akija mwenyewe, mwache apime injini ikiwa baridi. Na siku hiyo funga geti mapema, shemeji asije akataka kuiwasha kidogo tu kuwaonyesha wenzake.