Ardhi Mbili Katika Karakana Moja: Somo la Istilahi za Umeme

Wanafunzi wa isimu wanapofundishwa utata wa maana, aghalabu hupewa mifano ya darasani: kaa, paa, tembo, barabara. Ni mifano mizuri, na sote tumewahi kuicheka. Makala haya yanadhamiria kuutazama utata huo mahali ambapo hauchekeshi hata kidogo, yaani katika karakana ya nyumbani, siku ya kuunganisha mashine ya kuchomelea vyuma.

Chanzo chake ni hiki. Binamu yangu, aliyejenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao ili awe akitengeneza madirisha na malango, alinunua mashine iliyokwisha kutumika. Alinijia na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiingereza kizito, akaniambia, "Wewe si ndiwe msomi wa lugha? Hebu nifasirie." Niliketi na kamusi, nikaandika kurasa mbili ambazo nilijivunia. Sentensi mojawapo ilisema: "Hakikisha kuwa waya wa ardhi umeunganishwa kabla ya kuwasha mashine." Binamu aliisoma, akaafiki kwa kichwa, akainama na kuokota kibanio kikubwa kilichokuwa mwishoni mwa kebo nene, akakibana kwenye meza ya chuma. "Ardhi ndiyo hii, ndugu yangu. Imeshaunganishwa."

Tulipoifungua plagi aliyotaka kuichomeka ukutani, tulikuta nyaya mbili tu. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na mwenye mashine wa awali.

Binamu hakukosea Kiswahili. Wachomeleaji wa jua kali hukiita kibanio kile "athi" kila siku, na kamusi yangu ilinipa "ardhi" kuwa tafsiri ya neno lile lile. Neno moja, waya mbili, na kazi zake hazifanani. Waya wa kibanio hubeba mkondo wote wa kuchomelea, pengine ampea 110, na kuurejesha kwenye mashine kila mara cheche inapowaka. Waya wa kijani na manjano haubebi chochote katika hali ya kawaida. Hukaa kimya miaka na miaka ukingoja siku ambapo waya wenye moto utachubuka ndani ya mashine na kugusa bati la nje. Siku hiyo kibanio hakitamsaidia mtu, kwa sababu upande wa kuchomelea umetengwa na bati hilo na vilevile na umeme wa ukutani. Kinyume chake pia kina hatari: kibanio kikiachwa bila kubanwa kwenye chuma kinachochomelewa, mkondo wa kuchomelea unaweza kutafuta njia ya kurudi kupitia waya mwembamba wa kijani, na kuuunguza.

Kwa hiyo niliandika upya. Wa kwanza niliuita "waya wa kurejesha", na wa pili "waya wa kinga". Neno ardhi nililiacha lisimamie udongo tu. Wapo watakaosema kwamba nimevuruga istilahi sanifu. Huenda. Lakini istilahi inayompeleka msomaji kwenye waya usio wenyewe haijasanifiwa vya kutosha, hata ikiwa imechapishwa.

Baada ya hapo tuliingia katika saketi yenyewe. Kijitabu kilidai mashine iwe na saketi isiyoshirikiwa na kifaa kingine chochote. Nilijaribu "saketi maalumu", nikaona inadokeza kitu cha anasa. "Saketi pekee" nayo inadokeza kwamba nyumba nzima haina nyingine. Tulikubaliana na "saketi ya peke yake": kebo inayotoka kwenye kisanduku cha breka, ikaenda moja kwa moja hadi soketi moja, bila kugawa taa wala friji njiani.

Sababu yake ni hesabu. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na plagi ya kawaida ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani takriban wati 3,120. Mashine ya transfoma inayotoa volti 50 kabla ya cheche kuwaka hupunguza volti takriban mara tano. Basi ili itoe ampea 110 kwa elektrodi ya milimita 3.2, itavuta ukutani ampea 110 mara 50 gawanya kwa 240, yaani karibu ampea 23. Plagi ya 13 haiwezi. Ndipo mafundi wengine hutoa fyuzi na kutia kipande cha waya badala yake, na plagi ikaanza kuyeyuka.

Binamu aliwekewa breka ya ampea 32, kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba, na soketi ya buluu ya mviringo ya ampea 32. Kebo ya milimita 2.5 za mraba inayotumika kwa soketi za kawaida haitoshi: breka ya 32 ingeiacha ipate moto bila kujikata. Hata volti hupotea zaidi humo. Katika umbali wa mita 20, ampea 23 hupoteza volti 3 na ushei kwenye kebo ya 6, ilhali kwenye ile ya 2.5 hupoteza zaidi ya 8. Breka yenyewe ni ya aina ya C. Transfoma inapowashwa huvuta mkondo mkubwa kwa nukta moja. Breka ya aina ya B hujikata ghafla mkondo ukifika kati ya mara tatu na mara tano ya kiwango chake, na ile ya C kati ya mara tano na kumi.

Hapa ndipo neno ardhi lilipoturudia kwa sura ya tatu. Nyumba ile ina ufito wa shaba uliokitwa udongoni karibu na mita, na binamu aliamini kwamba ufito huo peke yake unatosha. Chukulia ukinzani wa udongo ni omu 60. Waya wenye moto ukigusa bati la mashine, mkondo utakaopita udongoni ni 240 gawanya kwa 60, yaani ampea 4. Breka ya 32 haitajua kwamba kuna jambo! Bati litabaki na umeme, na yeyote atakayeliegemea akiwa amesimama juu ya sakafu yenye unyevu atakuwa njia nyingine ya kwenda ardhini. Kwa sababu hiyo inahitajika swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kukata umeme tofauti ikifika miliampea 30. Mafundi wa mtaani huiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza. Mimi niliandika "swichi ya uvujaji", na binamu akaielewa bila kuuliza.

Rangi nazo zina homonimia yake. Katika mfumo wa zamani tuliourithi kwa Waingereza, nyekundu ni waya wenye moto na nyeusi ni nyutro. Katika mfumo mpya, ambao Uingereza ilianza kuutumia mwaka 2004, wenye moto ni wa kahawia na nyutro ni buluu. Penye umeme wa fezi tatu mambo huwa mabaya zaidi: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Karakana yenye nyaya za vizazi viwili haisomeki kwa rangi. Hupimwa kwa kipima volti. (Niliandika "hudhurungi" kwanza. Binamu akaniuliza ni mji gani.)

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa kazi yangu wala yake. Alimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, akazima swichi kuu, akapima, akaunganisha. Kisha akabonyeza kitufe cha kujaribia swichi ya uvujaji, nayo ikakata.

Karatasi zangu sasa zimebandikwa ndani ya mlango wa kibanda. Juu ya soketi ya buluu binamu ameandika kwa rangi nyeupe: MASHINE TU. WAYA WA KINGA USIKATWE. Kibanio chake bado anakiita athi.