Dondoo muhimu: Siku mbili Unguja, ulale mjini au pembeni?

Safari fupi haina muda wa kupoteza njiani. Kabla ya kulipia chumba, pima haya:

• Ukija kwa boti kutoka Dar es Salaam, lala Mji Mkongwe. Kutoka bandari ya Malindi unafika kwa miguu, na Forodhani, Ngome Kongwe na soko la Darajani vyote viko jirani.

• Vichochoro vingi havipitishi gari. Uliza teksi inaishia wapi na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Nyumba nyingi za kale zina ngazi kali na hazina lifti.

• Una gari, au unataka utulivu? Tafuta chumba pembeni mwa mji, Mbweni au Bububu. Kwa ndege ya alfajiri, Kiembe Samaki ndiko karibu na uwanja.

• Bei ya pembeni ikikuvutia, jumlisha kwanza nauli. Daladala hupungua usiku, na teksi ya kwenda na kurudi yaweza kumeza nafuu yote.

• Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha uani, mbali na kelele za barabarani.