Tovuti ya biashara ndogo Goma: maswali na majibu

Wenye biashara ndogo mjini Goma huniuliza karibu mambo yaleyale kuhusu tovuti zao. Nimekusanya hapa yale yanayorudi mara kwa mara. Namna ya kutengeneza tovuti mpya nimeiacha. Nazungumza zaidi na yule ambaye tayari anayo na imeanza kumchosha.

Nina nyumba ya wageni Himbi. Tovuti inafunguka bila shida, lakini siku hizi hailetei nyumba hata mgeni mmoja. Kasoro iko wapi?

Nimeipitia, Mama. Ukurasa wa kwanza unasema nyumba iko dakika kumi kutoka uwanja wa ndege. Uwanja huo ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na wageni wakaanza kushukia Kigali na kuvuka mpaka kutokea Gisenyi. Mtu anayetoka Nairobi anataka kujua avukie Grande Barrière au Petite Barrière, afike kabla ya saa ngapi, na nani atampokea akishavuka. Hakuna mahali anapojibiwa. Ukishuka kidogo unakutana na picha ya watalii wakichungulia kreta ya Nyiragongo, ilhali safari za kupanda mlima huo zilisimamishwa baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Msomaji akishakuta jambo moja lililopitwa na wakati, hata bei zako na namba yako ya simu anazitilia shaka. Anaondoka kimya, na wewe hujui kama alipita.

Kwa hili huhitaji fundi. Kaa na karatasi, soma tovuti yako yote kama vile hujawahi kuiona, uandike kila kitu kinachoweza kubadilika: njia ya kufika, bei, saa, namba, namna ya kulipa. Viweke vyote kwenye ukurasa mmoja, na juu yake andika tarehe uliyovihakiki mara ya mwisho. Mji huu hubadilika ndani ya wiki moja, na mgeni analijua hilo kutoka kwenye habari. Tarehe ya juzi itamtuliza kuliko picha zote za bustani yako.

Bei niandike kwa dola au kwa faranga?

Chagua moja iwe ya msingi. Wengi huchagua dola, kisha wanaeleza kwamba faranga zinapokelewa kwa kiwango cha siku. Kama hupokei noti za dola zilizochanika, sema wazi. Mkaaji wa Goma anaijua desturi hiyo, mgeni wa mara ya kwanza haijui. Na ukitaja M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, andika pia jina litakalotokea kwenye simu ya mteja anapotuma. Benki zilipofunga milango mwaka 2025, simu ndiyo ikabaki kaunta ya mji, na matapeli hawakuchelewa kuligundua hilo.

Wateja wanalalamika kwamba tovuti yangu ya kahawa inamaliza mega.

Wana haki. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufika megabaiti nne. Wewe umepanga kumi: vikapu vya kahawa, mashamba, vikombe, zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Mteja wa Majengo aliyenunua kifurushi cha siku anachomewa megabaiti arobaini kabla hajaona bei ya nusu kilo. Wengi hawafiki huko, wanafunga.

Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1200 hivi, uihifadhi kwa muundo wa WebP au JPEG, isizidi kilobaiti 150. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti. Video inayojianzisha yenyewe iondoe leo. Zile picha zinazopishana juu ya ukurasa ziondoe pia. Najua mafundi wanazipenda, lakini sijawahi kukutana na mnunuzi aliyengoja picha ya tatu. Bei na kitufe cha WhatsApp vionekane mtu asipogusa kitu. Katika kiungo cha WhatsApp namba huandikwa kuanzia 243, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Sifuri hiyo moja huua oda kila siku, kwa sababu kiungo hakifungui mazungumzo. Na kama una laini mbili, ya Kongo na ya Rwanda, onyesha ipi ndiyo ya WhatsApp.

Tovuti yangu ilitoweka asubuhi moja. Fundi aliyeitengeneza alihamia Kampala na simu yake haipatikani. Nifanyeje?

Ndugu, hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na halina uhusiano na teknolojia ngumu. Jina la tovuti, yaani domeni, halinunuliwi moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka. Muda ukiisha bila kulipiwa, unapewa siku chache za neema, kisha unatozwa gharama kubwa ya kulikomboa, na mwisho linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Fundi wako alilisajili kwa anwani yake ya barua pepe. Maonyo yote ya kulipia yalikwenda kwake.

Usione aibu, yamewapata wakubwa zaidi. Domeni ya nchi yetu, .cd, ilichukua nafasi ya .zr ya enzi za Zaire, nayo inaendeshwa kwa seva kadhaa zenye majina yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliona kwamba jina la mojawapo, scpt-network.com, limeachwa bila kulipiwa. Akalinunua. Kuanzia hapo angeweza kupotosha sehemu kubwa ya maombi ya kila tovuti inayoishia na .cd: maduka, mashirika, hata ofisi za serikali. Bahati yetu alikuwa mtu mwema. Januari 2021 akawaarifu wahusika, nao wakahamia jina jingine. Nchi nzima nusura iponzwe na ankara moja iliyosahauliwa.

Wewe sasa anza kwa kutafuta domeni yako kwenye huduma ya WHOIS, uone ilisajiliwa kwa kampuni gani na inaisha lini. Iandikie kampuni hiyo, ukiambatisha hati zako za RCCM, yaani rejista ya biashara, na risiti ulizomlipa fundi. Nyingine husaidia, nyingine hazisaidii. Kama jina bado liko mikononi mwa fundi, tuma mtu amwone ana kwa ana kabla ya kumtishia. Mara nyingi amesahau tu. Ukishalipata, lisajili kwa jina la biashara na kwa barua pepe yako mwenyewe, na ulipie miaka miwili au mitatu kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi. Umiliki usimpe.

Simu za wateja zinaonyesha "Non sécurisé" juu ya tovuti yangu. Nimeibiwa?

La. Umekosa cheti cha usalama, au kimeisha muda. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huweka onyo hilo kwenye kila tovuti isiyo na cheti. Let's Encrypt hutoa vyeti bure. Vina muda mfupi, kwa hiyo mwambie mwenye seva aviwashe vijihuishe vyenyewe. Ni kazi ya dakika chache. Akitaka kukutoza mamia ya dola, tafuta mwingine.

Kuibiwa kuna dalili nyingine. Andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa za kamari au dawa ambazo hukuziandika, kuna mtu ndani. Mara nyingi ameingilia kwenye WordPress isiyosasishwa, au kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka zamani ambayo hakuna aliyeifuta. Sasisha kila mwezi, na kabla ya kusasisha chukua nakala kamili ya tovuti. Nakala hiyo isikae kwenye kompyuta ya dukani peke yake. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mitaa ya biashara ya Goma; iweke pia nje ya mji, kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Niandike kwa Kifaransa au Kiswahili?

Mashirika yanataka Kifaransa, na mengine Kiingereza. Mama anayeuza samaki Kituku na kijana wa Ndosho wanaelewa haraka zaidi kwa Kiswahili. Bei, njia na malipo viandike kwa lugha zote unazoweza kuzitunza. Lugha ya tatu usiyoisasisha iondoe.

Ukitaka kujua kama unaeleweka, mpe simu mtu asiyeijua tovuti yako, umwombe atafute bei ya kitu kimoja na namba ya kuagiza, kisha unyamaze. Usimwelekeze. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi. Hapa Goma utawapata watano kabla ya chai kupoa.

Mimi ni fundi cherehani Birere. Nina Facebook na WhatsApp tu. Nimeachwa nyuma?

Hapana. Ni kweli kwamba tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, na aliyekuwa na hizo pekee alikaa gizani. Lakini wateja wako wanakaa mitaa miwili kutoka kwako. Katalogi ya WhatsApp Business yenye picha safi na bei za leo inakutosha. Siku utakapoanza kushona sare za shule au kuuzia mashirika, ambako mnunuzi anadai ankara ya proforma na anataka kukuhakiki kabla ya kulipa, ndipo ufikirie tovuti. Kwa sasa pesa ya tovuti nunulia cherehani ya pili.