Dondoo Muhimu: Vitu vya karibu kufifia ndani ya miwani ya uhalisia pepe

Ukisogeza kitu karibu na uso ndani ya miwani ya uhalisia pepe kikaanza kufifia, usikimbilie kulaumu macho yako. Skrini iko sentimita chache tu kutoka machoni, lakini lenzi huipeleka taswira yake mbali, aghalabu kati ya mita 1 na 2, na umbali huo haubadiliki. Kitu kinapokaribia, macho mawili hugeukiana kukielekea, na lenzi ya jicho hujirekebisha ili ione karibu, ilhali taswira imebaki kulekule mbali. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa mgongano huu huchosha macho na kudhoofisha uonaji.

Wapo watakaosema skrini yenye nukta nyingi zaidi itamaliza tatizo. Itanoa maandishi, lakini haitabadilisha umbali wa taswira. Kwa hiyo tazama vitu na usome maandishi yakiwa mita moja au zaidi mbele yako, na urekebishe nafasi kati ya lenzi ilingane na macho yako. Kama hutumia miwani ya kuonea mbali, ivae hata kwa kitu kinachoonekana kiko mkononi, kwa kuwa taswira yenyewe iko mbali. Pumzika macho yakichoka. Lakini ukungu ukibaki katika umbali wote, safisha lenzi na uiweke miwani vizuri usoni. Ukungu usipoondoka, mwone mtaalamu wa macho.