Waya wa Baharini na Utomvu wa Msituni

Ndugu wafanyakazi, somo letu leo ni nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari katika karne ya 19. Vitabu vingi huwasifu mabepari waliotoa fedha na mainjinia waliopima. Sisi tuanze na swali la kiwandani: maji ya chumvi yalizuiwaje yasiifikie shaba inayopitisha umeme?

Yalizuiwa kwa gatapacha, utomvu wa mti wa misitu ya Malaya, Sumatra na Borneo. Ukitiwa katika maji ya moto hulainika, ukipoa huwa mgumu, na chini ya bahari hauharibiki. Viwandani London, wafanyakazi waliivika shaba utomvu huo, kisha waya ukazungushiwa nyuzi za katani na za chuma.

Mwaka 1858 waya wa kwanza ulivuka Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua saa 16 hivi kupita. Waya wenyewe ulikuwa na kasoro. Whitehouse, mkuu wa mambo ya umeme, akaupelekea umeme wa volti 2,000 hivi. Baada ya wiki chache ukafa. Mwaka 1866 meli Great Eastern ilifaulu, na bei ikawa pauni 20 kwa maneno 20. Vibarua wengi wa Uingereza wakati huo hawakufikisha pauni 1 kwa wiki! Simu ile ilikuwa ya matajiri na serikali. Kwetu waya ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, ukaendelea hadi Durban.

Na msituni je? Wenzetu wa mashamba ya mpira wanajua kwamba mpira hugemwa, mti ukabaki. Kwa gatapacha, wenyeji waliangusha mti mzima, wakachanja gome pande zote na kukinga utomvu, kilo 1 hivi au pungufu. Wachuuzi wakaununua na kuupeleka Singapore kupakiwa melini. Waya ule wa 1858 peke yake ulikula karibu tani 300. Piga hesabu ya miti.

Misitu ilipokwisha kuteketezwa, Waholanzi walianzisha shamba la miti hiyo Tjipetir, Java, mwaka 1885. Huko utomvu ulikamuliwa katika majani, na miti ikaachwa hai.

Swali la kujadili tawini: kwa nini njia hiyo haikutafutwa mapema, wakati miti ilikuwa bado tele?