Konokono Ajuaye Saa ya Maji

Ukimwambia mwenzako kwamba konokono ana haraka, bila shaka atakucheka. Lakini yuko mmoja pwani yetu ambaye hangoji kufikiwa na maji ndipo aondoke. Hebu tumjue.

Wataalamu humwita Cerithidea decollata. Ni mdogo, sentimita 2 hadi 3 hivi. Gamba lake ni refu kama pia, ila kwa aliyekomaa ncha huwa imekatika. Ndiyo sababu akapewa jina hilo la pili, maana yake "aliyekatwa kichwa". Hupatikana kutoka Kenya hadi Afrika Kusini.

Makao yake ni kwenye mikoko, hasa mti uitwao mchu, ule ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli. Maji yakipwa, konokono hushuka, akatambaa na kula vitu vidogo vidogo vilivyo juu ya tope. Maji yakikaribia kujaa, hurudi kwenye shina na kupanda. Ajabu ni kwamba hupanda mapema, kabla maji hayajafika! Tena urefu anaopanda hubadilika kufuatana na maji yatakayokuja. Siku za bamvua hupanda juu zaidi.

Je, nani amemwambia? Watafiti kutoka Italia walimchunguza katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, na mwaka 2008 wakachapisha makala wakiuliza kama konokono huyu anaweza kutabiri yajayo. Inadhaniwa kwamba ana saa ndani ya mwili wake. Saa hiyo si mchezo, kwani maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Sisi wenye kengele ya shule bado twachelewa gwaride!

Kwa nini apande? Huenda anawakwepa kaa na samaki wanaoingia na maji kutafuta mawindo.

Sasa ndugu zangu, fikirini. Konokono huyu hawezi kupanda hewani. Mchu ukikatwa kwa kuni au boriti, saa yake itamwambia "panda", naye hana pa kupanda. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje, lakini shoka la nyumbani halijalala. Anayekata mti mmoja huona kuni tu, haoni waliokuwa wakiishi humo.

MSAMIATI
Kupwa: maji ya bahari kutoka ufuoni.
Bamvua: maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo.
Maji mafu: maji yasiyojaa sana, kati ya bamvua na bamvua.

ZOEZI
1. Kwa nini konokono huyu huitwa "aliyekatwa kichwa"?
2. Tunga sentensi ukitumia "kupwa" na "bamvua".
3. Kwenu bara, ni mti gani ukikatwa utawaacha wengine bila makao?